Dokta Remmy Ongala, Mtani wa Wanyonge

Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye Afrika Mashariki inamkumbuka kwa jina la Dokta Remmy, alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, katika eneo la Maniema, nchi ikiwa bado Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa. Tangu mwaka 1978 hadi kifo chake mwezi Desemba 2010 aliishi Dar es Salaam, na huko ndiko alikotunga karibu kila wimbo unaompa nafasi katika historia ya muziki wa dansi. Nyimbo hizo zinahusu kifo, umaskini, mapenzi, unafiki na maradhi. Ni mambo mazito, lakini watu walizipokea wakicheka na kucheza. Remmy alijua kuchekesha bila kulipunguzia jambo uzito wake, na ujuzi huo ndio uliomwezesha kusema hadharani yale ambayo wengine waliyanong'ona vyumbani.

Manyema na Ujiji

Ili kuelewa kwa nini kijana wa Kindu aliweza kuingia Dar es Salaam na kueleweka kama mwenyeji, lazima kuanza na Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kushuka Ujiji. Hapo bidhaa na watu walivushwa kwa mitumbwi na majahazi hadi ufuko wa magharibi, kisha safari ikaendelea kwa miguu kwenda Kasongo, Nyangwe na miji mingine ya Mto Lualaba. Wafanyabiashara wa pwani, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote, waliifanya Maniema kuwa kituo chao kikubwa cha pembe za ndovu na watumwa. Biashara hiyo iliharibu vijiji na kutawanya koo, lakini pia ilikiacha Kiswahili kikiwa lugha ya soko na mtaa mbali kabisa na bahari.

Watu wa Maniema nao walivuka ziwa kuja mashariki. Wengine waliletwa kwa nguvu, wengine walikuja kama wapagazi, askari wa misafara na wachuuzi. Wengi walibaki Ujiji na vitongoji vyake, na vizazi vyao vikaitwa Wamanyema. Baadaye walisambaa kufuata njia ileile ya zamani hadi pwani, na Msikiti wa Manyema uliopo Kariakoo, Dar es Salaam, unabeba jina lao mpaka leo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku chache. Katika kata kama Gungu, na katika Manispaa nzima ya Kigoma-Ujiji, si ajabu kukuta familia yenye shangazi upande wa Tanzania na wajomba upande wa Kongo. Kiswahili cha Kindu kina lafudhi yake na maneno yake, lakini mtu wa Ujiji hahitaji mkalimani kukielewa.

Kwa hiyo Remmy hakujifunza Kiswahili ugenini. Alikuja nacho kutoka nyumbani. Hiyo ilimtofautisha na wanamuziki wengi wa Kongo waliotunga kwa Kilingala na kupendwa kwa midundo tu. Yeye alipendwa kwa maneno, kwa sababu kila neno lilifika.

Mtoto wa porini

Masimulizi ya kuzaliwa kwake, ambayo mwenyewe aliyarudia mara nyingi, yanaanza na huzuni. Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili. Mganga alimwagiza kwamba ujauzito utakaofuata akajifungulie porini, na kwamba mtoto atakayezaliwa asinyolewe nywele. Mtoto alitoka akiwa na meno mawili ya mbele, na wazee wakaichukua kuwa ishara ya uganga. Miaka mingi baadaye mashabiki wa Dar es Salaam walipomwita Dokta, jina hilo lilikaa vizuri, kwa kuwa hadithi ya uganga ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Baba yake alikuwa mwanamuziki wa ngoma za asili, na muziki ulikuwa kazi iliyoonekana nyumbani. Lakini baba huyo alifariki mwanawe akiwa mdogo, na baadaye mama naye akafariki. Remmy akabaki yatima katika nchi iliyokuwa ikiingia katika machafuko. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, na mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Kindu. Kwa kijana asiye na wazazi wala shule ya kutosha, bendi ilikuwa ajira na makao. Alianza kwa kupiga ngoma na kuimba, akajifunza gitaa, akazunguka na bendi mbalimbali Kongo na baadaye Uganda. Uyatima na kifo, vilivyomkuta mapema hivyo, vilibaki katika utunzi wake maisha yote.

Kuingia Dar es Salaam

Mwaka 1978 aliitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Mzee Makassy, aliyeongoza Orchestra Makassy. Jiji lilikuwa tayari limewazoea wanamuziki wa Kongo. Orchestra Maquis ilikuwa imeshaweka mizizi, Ndala Kasheba alikuwa amekuja na Orchestra Fauvette, na Baba Gaston alikuwa ameshapita kabla ya kuhamia Nairobi. Bendi hizi zilishindana na za wazawa kama NUTA Jazz, na ushindani huo ulizaa kipindi ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha dhahabu kwa muziki wa dansi nchini.

Wimbo wa kwanza uliomtambulisha Remmy akiwa na Makassy ulikuwa Siku ya Kufa, alioutunga kumlilia rafiki. Mapema miaka ya 1980 Makassy walihamia Nairobi. Remmy hakuwafuata. Mwaka 1981 alijiunga na Orchestra Matimila, bendi ambayo vyombo vyake vilimilikiwa na mfanyabiashara, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Haukupita muda mrefu akawa kiongozi na sura ya bendi, na jina likawa Super Matimila.

Ulikuwa wakati mgumu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, na sabuni, sukari na unga vilipatikana kwa foleni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1985 Rais Julius Nyerere alimwachia madaraka Ali Hassan Mwinyi, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani, lakini pesa ya kuzinunua wengi hawakuwa nayo. Super Matimila walipiga muziki katika baa na kumbi za Dar es Salaam, mbele ya makuli, mafundi, makarani na vijana waliokuja mjini kutafuta maisha. Hao ndio watu ambao Remmy aliwaimbia, na alisema kwa sauti yao.

Wimbo ulivyojengwa

Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo wake wa kujitambulisha. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Maquis walikuwa na Kamanyola, Super Matimila wakawa na Talakaka. Mwenyewe Remmy aliuita muziki wake ubongo, akimaanisha kwamba ulikusudiwa kichwa na si miguu pekee.

Wimbo wake wa kawaida huanza taratibu. Gitaa la solo hutangulia na sentensi fupi inayojirudia, gitaa la kati hujaza nafasi, besi na ngoma huingia, kisha sauti ya Remmy, iliyokwaruza kidogo, huanza kueleza jambo. Haimbi tu. Huongea, huuliza swali, hunyamaza, hujibu mwenyewe, hutaja mtu kwa jina kama aliyemwona ameketi meza ya mbele. Kiitikio hupokewa na waimbaji wenzake. Maneno yakishakaa, bendi hubadili mwendo na kuingia kwenye chemko. Hapo magitaa hushika usukani, watu hujaa uwanjani, na mwimbaji hurusha vijembe na majina juu ya mdundo. Ukumbini wimbo mmoja ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, kwa kadiri wachezaji walivyokuwa na nguvu.

Mpangilio huo ulikuwa na faida kubwa kwa mtunzi mwenye la kusema. Sehemu ya kwanza watu wamekaa na wanasikiliza. Sehemu ya pili wanacheza, lakini wanacheza juu ya maneno waliyokwisha kuyasikia. Mtu hurudi nyumbani na kiitikio mdomoni, na asubuhi yake anakitumia mtaani kama msemo.

Utani kama njia ya kusema kweli

Ucheshi wa Remmy ulikuwa na mizizi katika desturi ambayo watu wa njia ya misafara wanaijua vizuri, yaani utani. Makabila yaliyokutana safarini, kama Wanyamwezi na Wazaramo, yalijenga uhusiano wa kutaniana unaompa mtu ruhusa ya kumsema mwenzake bila kukosana. Utani huonekana zaidi msibani. Watani wa marehemu humwigiza alivyotembea na alivyoongea, huwadhihaki wafiwa kwa machozi yao, na mmoja anaweza kushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka wakiwa bado wanalia. Hakuna anayedhani kwamba mtani amedharau kifo. Amewasaidia watu kukibeba.

Kanuni ya kwanza ya mtani mzuri ni kuanza na nafsi yake, na Remmy aliishika. Alijiita Sura Mbaya. Alisimama jukwaani na rasta zake, na mbele ya mamia ya watu akatangaza kwamba yeye ndiye mwenye sura mbaya kuliko wote. Mtu aliyekwisha kujicheka mwenyewe hana cha kufichuliwa, na watu humpa nafasi ya kuwagusa wao pia.

Kanuni ya pili ni kutomcheka aliyeanguka. Vijembe vya Remmy vilielekea juu, kwa wenye mali, wenye vyeo na wenye ndimi mbili. Ndumila Kuwili unawalenga wanafiki. Mnyonge Hana Haki na Sauti ya Mnyonge zinasimama upande wa asiye na kitu. Tembea Ujionee unachukua hekima ya methali na kuigeuza mwaliko wa kuona dunia. Kuna nyimbo ambazo ndani yake hakuna mzaha kabisa. Katika Kifo anakikabili kifo uso kwa uso, kama mtu anayemlalamikia jirani aliyemdhulumu, na kwa wasikilizaji wengi huo ndio wimbo wake mkubwa kupita zote. Lakini hata hapo namna ya mtani ipo, maana ni mtani tu anayeweza kusema na kifo kana kwamba kimekaa mbele yake na kinapaswa kujibu.

Aliweza pia kusifu. Wimbo Mrema unamtaja Augustine Lyatonga Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupata umaarufu mkubwa kwa namna alivyoshughulikia kero za watu wa kawaida. Kumtaja waziri aliye madarakani kwa jina, katika muziki wa baa, kulihitaji mtu ambaye umma ulikwisha kumkubali kama msemaji wake.

Mambo kwa Soksi

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kazi ya kicheko chake ni wimbo Mambo kwa Soksi, wa mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo. Kila familia ilianza kuzika. Hata hivyo kuongelea ngono hadharani kulikuwa mwiko, na kondomu ilipingwa vikali na viongozi wengi wa dini. Matangazo ya afya yalizungukazunguka jambo bila kulitaja.

Remmy aliita kondomu soksi, akawaambia vijana waivae. Neno hilo linasemeka mbele ya mama mkwe. Mtoto akilisikia haelewi, mtu mzima akilisikia anaangua kicheko, na akicheka amekwisha kukubali kwamba amelielewa. Hapo mazungumzo yanaweza kuanza. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikataa kuupiga wimbo huo. Ulienea hata hivyo, kwenye kumbi, kwenye kaseti na kwenye daladala, na kwa vijana wengi ulikuwa ushauri wa kwanza wa wazi waliousikia kuhusu kinga. Katika nchi iliyokuwa ikipoteza watu wake wenye nguvu, ujasiri huo una thamani isiyopimika.

Redio, kaseti na kipato

Kukataliwa na redio ya taifa kulikuwa jambo kubwa kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine. RTD ilikuwa ya serikali na ya pekee hadi vituo binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990. Studio yake ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ndiyo iliyorekodi karibu bendi zote. Bendi iliingia studio nzima kwa pamoja, ikapiga nyimbo kadhaa kwa mkupuo, na maneno yalipitiwa kabla ya kuruhusiwa hewani. Malipo yalikuwa madogo. Manufaa yake yalikuwa kusikika, kwani wimbo ukipigwa redioni ulifika Mtwara, Musoma na Kigoma, na bendi ikienda ziara ilikuta watu wanaujua.

Pesa yenyewe ilitoka mlangoni, kwa kiingilio. Kaseti zilinakiliwa na wachuuzi bila mtunzi kupata senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki haikupatikana hadi mwaka 1999, wakati enzi ya dansi ilikuwa inaelekea ukingoni. Remmy alikuwa mmoja wa wanamuziki mashuhuri kupita wote nchini, lakini aliishi kwa kazi ya kila wiki kama wasikilizaji wake. Alipoimba shida za mnyonge hakuwa anazitazama kwa mbali.

Jukwaa la dunia

Kaseti ya Super Matimila ilisafiri Ulaya mkononi mwa rafiki na kuwafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, lililoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel na wenzake. Mwaka 1988 ilitoka albamu Nalilia Mwana, na bendi ikaalikwa kuzunguka na tamasha hilo nje ya nchi. Mwaka 1989 ilifuata Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa katika studio za Real World huko Uingereza, na mwaka 1992 ikatoka Mambo. Hivyo muziki wa dansi wa Tanzania ulirekodiwa kwa mitambo ya hali ya juu na kusambazwa madukani nje ya nchi.

Katika albamu hizo baadhi ya nyimbo zina maneno ya Kiingereza, na zimefupishwa ili zienee kwenye sahani. Msikilizaji wa ng'ambo alipata magitaa na sauti, lakini sehemu kubwa ya vijembe na mafumbo ilimpita. Ndiyo maana sifa ya Remmy nje ilijengwa juu ya uchezekaji wa muziki wake na huruma yake kwa maskini, wakati nyumbani ilijengwa juu ya ulimi wake. Hata hivyo jina la albamu ya 1989 lilisema kweli yote, kwamba hizi ni nyimbo za mtu maskini, na hakuona haya kulipeleka jina hilo mbele ya matajiri.

Miaka ya mwisho

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 dansi ilianza kupoteza wasikilizaji wake vijana. Vituo vipya vya redio vilipiga muziki wa kizazi kipya, na kuiendesha bendi kubwa yenye wapigaji wengi kukawa mzigo. Afya ya Remmy nayo ilidhoofika. Alipata kiharusi kilichomwacha na shida ya kutembea, na kazi ya kusimama jukwaani usiku kucha ikawa haiwezekani tena.

Katika kipindi hicho aliokoka na kuachana na muziki wa baa. Alitunga na kurekodi nyimbo za Injili, na akaeleza wazi kwamba kipaji chake sasa ni cha Mungu. Wapo mashabiki waliosikitika, lakini aliyezisikiliza vizuri nyimbo zake za zamani hawezi kushangaa. Mtunzi wa Kifo na Siku ya Kufa alikuwa amejiuliza kuhusu mwisho wa binadamu tangu ujana wake, na alitafuta jibu mahali ambapo watu wengi wa jamii yake hulitafuta.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63, na watu wengi walihudhuria maombolezo, wakiwemo viongozi wa serikali.

Alichokiacha

Jina lake limebaki katika ramani ya jiji. Abiria wa Sinza hushuka kituo kinachoitwa Kwa Remmy, na wengi wao hawakuwahi kuiona Super Matimila jukwaani. Mwanawe, Kali Ongala, alichezea Yanga na Azam na baadaye akawa kocha wa Azam.

Katika muziki, alichokiacha ni kipimo. Wasanii wa kizazi kipya wanaochanganya mzaha na lawama kwa wakubwa wanapita njia aliyoilima yeye, wajue au wasijue. Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji na Gungu hadi ng'ambo ya Kongo, maisha yake yanathibitisha jambo lingine. Njia ileile iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo ilipitisha pia lugha, utani na nyimbo, na mtoto yatima wa Maniema aliitumia kuwapa wanyonge wa nchi nzima sauti ambayo hawakuwa nayo. Aliwachekesha kwanza, ndipo akawaambia kweli, na kwa sababu hiyo waliikubali.